Kuchechemea kwa Miguu Yote Miwili

Akina mama mnaopenda kuona watoto wenu wakipigiwa makofi, sogeeni karibu. Haya yalitokea kijijini kwetu Keza, miaka ile ya wakimbizi, wakati moshi wa kambi ulipokuwa ukifika asubuhi mpaka kwenye migomba yetu.

Marsiana alikuwa na binti mmoja, Irine, aliyecheza ngoma kama mtu asiye na mifupa. Mwalimu wake aliitwa Nahimana, mkimbizi kutoka Burundi. Huko kwao kucheza ndiyo ilikuwa kazi yake, miguu ilimlisha mpaka vita vilipomfukuza. Kila Jumamosi alitoka kambini bila kibali, akapita njia za mashambani, akaja kufundisha watoto kwenye uwanja wa kigango, kanisa letu dogo. Mtu huyo hakuwa na utani. Mtoto haruki kabla hajanyoosha mishipa. Atasimama kwa vidole vya miguu, mkono ukutani, mpaka jasho lidondoke.

"Sifundishi watoto wa kucheza harusini," aliwaambia wazazi. "Nafundisha watu watakaokula kwa kazi hii."

Na kabla ya yote kulikuwa na majivu. Nahimana aliyamwaga mbele ya mlango wa kigango, akayasawazisha kwa jani la mgomba, na kila mtoto akapita juu yake peku. Kisha akainama kusoma nyayo. Mguu unaouma haukanyagi sawa na mwenzake, hata mwenye mguu akinyamaza. Aliyekwepa kisigino alirudishwa nyumbani siku hiyohiyo.

"Kapumzike. Mguu hauna spea."

Sasa basi, ikaja habari kwamba kikundi kikubwa cha ngoma cha Mwanza, kinacholipa wachezaji wake mshahara, kinakuja Jumamosi kuchagua vijana. Wiki ileile Irine akateleza akitoka kuchota maji, kifundo cha mguu wa kushoto kikavimba. Marsiana akamkanda kwa maji ya moto na chumvi. Uvimbe ukapungua, maumivu yakabaki.

"Mama, Jumamosi mwalimu ataona."

"Ataona nini?"

"Kisigino. Siwezi kukikanyagia."

Ng'ambo ya ua, jirani yao Genoveva alikuwa akimwita binti yake, aliyecheza pamoja na Irine, kwa sauti ya makusudi. "Esperansia! Wewe mtu wa Mwanza, njoo uchambue maharage kabla hujatusahau!"

Marsiana akasikia moyo unamchoma. Akachota majivu jikoni, akayamwaga sakafuni.

"Na wa kulia usikanyagie kisigino," alisema. "Yote miwili iwe sawa. Tembea kwa vidole."

"Mama! Si ndiyo kuchechemea miguu yote miwili huko?"

"Ndiyo. Nani atajua?"

Wakacheka wote wawili. Kicheko hicho ndicho kilichokuja kumnyima Marsiana raha baadaye. Irine alipita kwenye majivu, akarudi, akapita tena, mpaka nyayo zake zikafanana kama mapacha.

Jumamosi Nahimana aliinama juu ya nyayo zile muda mrefu. "Irine, leo unatembea kama mwizi wa kuku."

Watoto wakaangua kicheko. Irine akafungua mdomo, lakini mama yake akamuwahi.

"Ni furaha, Mwalimu. Tangu asubuhi anarukaruka hivyo hivyo."

Nahimana akamwangalia mama, akamwamini. Mzazi atadanganya nini juu ya mguu wa mwanawe?

Wageni wa Mwanza walikuwa wameshakaa kwenye mabenchi. Irine akacheza, jamani, akacheza mpaka mmoja wao akasimama. Akaruka mruko wa mwisho. Alipotua, mfupa ulilia, na waliokuwa karibu waliusikia ngoma zikiwa bado zinapigwa. Hospitalini walimfunga plasta. Daktari akasema kutembea atatembea, ila kuruka asahau.

Maneno yakaanza. Mkimbizi anatuvunjia watoto. Genoveva aliyasema kisimani, akayasema sokoni. Jumapili ya wiki iliyofuata, baada ya ibada, katekista Anatoli akawakusanya watu pale uwanjani, na Nahimana akaitwa. Wengi walitaka akabidhiwe kwa wakubwa wa kambi. Na kukutwa nje bila kibali, kila mtu alijua, ilikuwa ni jela.

Nahimana hakujitetea. "Niliyasoma majivu vibaya," alisema. "Mtoto wa watu nimemvunja mimi."

Irine alikuwa amekaa kwenye mkeka, mguu mweupe wa plasta ameunyoosha mbele. Tangu atoke hospitali watu walikuwa wakimuuliza ilikuwaje, naye akiwajibu, sijui. Sasa alimtazama mama yake mara moja tu, akainamisha macho. Mtoto alikuwa amebeba mzigo usio wake, na mwenye mzigo amekaa pembeni anajipepea kwa kanga.

"Mama Irine," akasema Anatoli, "mtoto ni wako. Tumpeleke, au tumwache?"

Marsiana akasimama. Akaenda kwenye mafiga walikopikia wageni chakula, akazoa majivu kwa mikono miwili, akayamwaga mbele ya mlango wa kigango. Akavua kandambili. Akapita juu yake kwa vidole, kisigino hiki juu na kile juu, mama mzima, mbele ya watu wote.

Nahimana akaja, akainama. Alizijua nyayo zile.

"Nani alimfundisha?"

"Mimi, Mwalimu."

Nahimana aliinuka polepole.

"Ungeniambia tu," alisema. "Ningewaomba wageni wamsubiri. Kifundo kilichoteguka kinapona, Mama Irine."

Hakumtukana. Afadhali angemtukana.

Watu wakatawanyika, na Jumamosi iliyofuata mazoezi yakaendelea. Irine naye alikuja, kwa fimbo. Nahimana akampa jani la mgomba, akae mlangoni asawazishe majivu na kuwaambia wenzake wapite. Esperansia akapita, wengine wakapita. Marsiana alipomletea binti yake uji, alifika kwenye majivu akasita, akaanza kuzunguka nyuma ya kigango.

"Mama," Irine akamwita, "pita tu hapa. Kanyaga kama kawaida."

Marsiana akasimama palepale, kikombe cha uji mkononi, mguu mmoja hewani.