Wino wa Dobi

...noti ya saba sasa, karani anaishika kwa ncha za vidole kama mtu aliyeokota mkia wa panya, anaiinua kwenye taa, anaigeuza, anaiweka juu ya zile sita, si upande wa kuchukuliwa, ule mwingine, na mimi nakitazama kidole chake tu, kimefungwa plasta, huenda amejikata kwao akimenya vitunguu, makarani wa kubadilisha fedha nao wana majiko yao... Shemeji, mke wa kaka yangu, ananisogelea, Shemeji, huyu anatafuta picha yake humo au vipi, anasema, na mimi nacheka kidogo, maana nisipocheka atanitazama usoni. Saa ya ukutani, saa nne na dakika ishirini. Hospitali wamesema fedha taslimu, fedha ya kwao, mkononi mwa mhasibu kabla ya saa sita, dola hawazigusi na kadi yetu mashine yao haiitambui, zikifika kaka anapasuliwa leo, zisipofika daktari wa macho anaondoka, harudi mpaka wiki tatu, na lile pazia la ndani ya jicho linazidi kubanduka, jicho lenyewe ndilo hilo moja lililobaki, la pili lilishazima tangu mwaka juzi. Kaka ni dereva wa malori. Jana aliniuliza nimevaa shati la rangi gani, nikadhani ananitania... Ya nane, kule kule. Najua anachokiona. Nukta nyeusi, ndogo kama kichwa cha pini, pembe ya chini kushoto, kila noti na yake, na aliyezitia ni mimi. Mimi ni dobi, huu mwaka wa kumi na tisa, na dobi asiyetia alama ataishia kulipa mashati ya watu, kila nguo inayoingia kwangu naitia nukta pasipoonekana, ndani ya pindo, chini ya kola, wino ambao sabuni haiuwezi wala jua haliuwezi, mteja akija juu kwamba hili silo langu nafunua pindo, namwonyesha, analipa, ndivyo nilivyolisha watoto. Basi nikazitia na fedha ya jicho la kaka yangu. Ukoo ulipokaa kikao kiwanja kilikuwa kimeshauzwa, dola zimeshanunuliwa, noti ishirini za mia mia, wakasema bahasha ibebwe na shemeji, yeye kazoea kuvuka mipaka, ananunua nguo za kina mama huko na huko, anajua kubadilisha, lugha ya huku anaijua kiasi cha kugombana bei, na mimi, damu moja na mgonjwa, nibebe mabegi. Iliniuma. Dada yetu mkubwa akanivuta mlangoni, mwangalie yule, ana mkono mrefu, hakusema mkono huo uliwahi kufika wapi, wala sikuuliza, nililipokea neno kama chakula. Jioni ile nikamwambia shemeji nataka kuhesabu, akanipa bahasha akarudi kupiga pasi suruali za mumewe, nami nikahesabu ishirini na kutia nukta ishirini, nikijiambia akichomoa nzuri akaweka bandia nitamshika kwa pindo... Nimetubu kwa hili, nilitubu ndani ya basi, lakini nilitubu kama mtu anayekung'uta nguo mlangoni badala ya kuifua. Ya kumi na moja. Nyuma yetu mzee mwenye mwavuli anakohoa, si kikohozi cha kifua, ni cha foleni. Siku tuliyofika shemeji alinifundisha, usibadilishe pale stendi, wale wanahesabu haraka na noti za katikati zinageuka karatasi, ya nauli mfuko huu, ya kula mfuko huu, fungu kubwa halitolewi mbele za watu, mashine za benki zinakata ada kila unapoziamsha, na noti ya dola, shemeji, ni kama gauni la bibi harusi, doa moja tu na sherehe imeharibika. Akacheka. Mimi jasho likanishuka mgongoni maana doa analijua dobi. Ningesema pale pale. Sikusema. Jana kwenye nyumba ya wageni aliniachia mkoba wake, akashuka kuulizia maji ya moto, hivi hivi, kama unavyomwachia mtu wako, nami nikaufungua, nikazihesabu, ishirini, zote na nukta yangu, hakuna iliyobadilishwa, hakuna iliyopungua, na sikufurahi. Hilo ndilo sijamwambia Mungu kwa sauti ingawa alikuwepo chumbani. Nilisikitika. Nilitaka ipungue moja, moja tu, ili nisiwe nimekosea, jicho la kaka yangu lipungukiwe dola mia ili mimi niwe mkweli... kisha nikachukua moja nikaisugua kwa kipande cha sabuni kwenye sinki, polepole, pembeni tu, na wino wangu naujua, haukutikisika. Karani amesema kitu. Ameziweka zote ishirini fungu moja, amelisukuma chini ya kioo, anagonga ile pembe kwa kidole chenye plasta. Anasemaje, nauliza, kama sijui. Anasema zina alama, shemeji anajibu, anauliza ni alama za nini, na kabla sijameza mate anafungua mkoba anatoa mtandio wake mpya, mweusi, anamwonyesha karani, anazungumza haraka, mikono inakwenda, kisha ananigeukia, ni mimi huyu, shemeji, nilizifunga humu tukiwa njiani, itakuwa rangi imechuja, nimemwambia, ujinga wangu. Ujinga wangu, anasema, kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayesema kiti hiki kimekaliwa. Ningeshukuru kimya kimya. Kwa dakika moja nimeshukuru, sifichi, nimehisi mzigo unapanda bega lake na bega langu limekuwa jepesi, nimeona hata dada mkubwa akiniambia si nilikwambia... Karani anatikisa kichwa. Anasema rangi ya nguo hawachukui kabisa, shemeji anasema, inapanda kwenye noti nyingine, bosi wake hataki hata kuziona, ila ingekuwa kalamu wangechukua, wangekata kumi katika kila mia, anauliza tena, tuna hakika ni rangi ya nguo? Kalamu. Naweza kusema ni watu wa benki ya nyumbani waliozitia, makarani wa benki huandika andika ovyo, karani huyu atakubali, tutapokea, tutakimbia, kaka ataingia chumbani, uongo huo unalipa sawasawa na ukweli, hata senti haipungui, na ndio umenisimamisha hapa, ningekuwa sina njia ningesema kweli na kujisifu... Shemeji anakunja mtandio, anaukunja vizuri, ncha kwa ncha, na mtandio hauchuji, mimi nimeufua mwenyewe wiki mbili zilizopita, ulikuja kwangu na mashuka yao, maji yalitoka meupe, na kwenye pindo lake, nikimwambia aukunjue, kuna nukta. Miaka kumi na moja nafua nguo za nyumba ile. Kila foronya anayolalia, kila gauni, kila shuka analotandika, lina kichwa changu cha pini, na yeye ndiye aliyekuwa akiniambia kwa utani, shemeji umetupiga chapa kama ng'ombe. Basi anajua au hajui? Namtazama upande wa uso, hauna kitu, unatazama kioo. Kama hajui, amejibebesha kosa lisilo lake kwa sababu ndivyo alivyo, na mimi nimemtia alama mtu wa namna hiyo. Kama anajua, amejibebesha vilevile, mbele ya mgeni, ili mdogo wa mumewe asiumbuke, na ninalomficha yeye ndilo analomficha karani. Nilikuwa nachagua kati ya hayo mawili kana kwamba moja litanifaa. Hakuna linalonifaa. Mzee wa mwavuli anakohoa. Saa nne na dakika ishirini na sita. Mwambie ni kalamu, nasema, na sauti imetoka ndogo, naisema tena, mwambie ni kalamu, shemeji, ni wino wangu, wa dukani kwangu, nimezitia mimi. Anamwambia. Ni maneno machache kwa lugha yao, sijui ametumia yapi. Karani ananiangalia mara moja, anarudi kwenye noti, anatafuta kikokotoo chake chini ya makaratasi. Anauliza ulizitia za nini, anasema shemeji, macho kwenye kioo, na karani hajafungua mdomo.