Mguu wa Trekta Uliokuwa Kanisani

Kitendawili! Sema tega. Mwili wangu umelala shambani, mguu wangu unaita watu kanisani. Mimi nani? Umeshindwa? Haya, mji sitaki. Jibu liko kwa Esteri wa Nyakitonto, twende tukalichukue.

Mumewe, marehemu Leonidasi, alimwachia trekta kuukuu. Lilipozimika, Leonidasi angali hai, aling'oa ringi ya gurudumu la mbele akaitoa kwa kanisa, ikatundikwa, ikawa kengele. Trekta likabaki kwenye mihogo, kuku wakitagia chini ya kiti. Sasa mgongo wa Esteri ulikuwa umekataa jembe. Alijiambia kwamba mvua za kwanza zikikuta trekta halijaamka, ataliuza kwa watu wa vyuma chakavu na shamba atalikodisha. Na mkulima akishakodisha shamba lake, jamani, anakuwa mgeni kwake mwenyewe.

Binti yake Aline, anayekereza vyuma kwa fundi Nurudini pale Kasulu, alimwomba asubiri. Pangaboi la pampu ya maji ya kupozea injini ya trekta lilikuwa limelika. Nurudini alipiga simu Kibondo, akapiga Kigoma, akamsumbua hadi shemeji yake wa Tanga. Kote akaambiwa vipuri vya trekta hilo vilikwisha zamani. Basi Aline akachonga mfano wa pangaboi kwa mti wa mninga, wakaukandamiza kwenye mchanga upate umbo, wakayeyusha pistoni mbovu, wakamimina. La kwanza lilitoka na matundu kama andazi. La pili likakubali.

Ikabaki ringi. Esteri akamtuma Aline kwa mzee wa kanisa, Tharsisi, akaiombe. Akamtuma mikono mitupu. Hapo alikosea, maana kwao hata kikapu cha jirani hakirudishwi bila kitu ndani, sembuse kudai kilichokwisha kutolewa. Tharsisi alimsikiliza mbele ya watu waliokuwa wakifagia kanisa, kisha akauliza:

"Leo mguu. Kesho kikifa kingine, mwanangu, utakuja kuchukua nini? Benchi?"

Watu wakacheka. Aline akarudi nyumbani kichwa chini.

Esteri alijilaumu mwenyewe. Kulipokucha akajifunga kitenge, akapanda bodaboda mpaka kwa Nurudini, akarudi amepakata ngoma ya breki ya lori bovu kama mtu aliyebeba mtoto. Akaongeza kikapu cha maharage, yeye na Aline wakaenda kwa Tharsisi. Mzee akaitundika ile ngoma, akaigonga. Sauti ikaruka bonde zima. Akakiri kwamba, mbele ya hii, kengele ya Leonidasi ilikuwa inakohoa tu. Akaifungua ringi kwa mikono yake.

Wiki ile ile trekta likapiga chafya, likatema moshi mweusi, likanguruma. Kuku wakatawanyika. Esteri akasimama kando ya mihogo, kiganja mdomoni, akitazama udongo mwekundu ukigeuka bila mgongo wake kuinama. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika.

Tharsisi alikuja kutazama, akafuata mtaro mpya hadi mwisho wa shamba.

"Linalima," akamwambia Aline aliyekuwa kwenye usukani. "Ila swali langu hujalijibu."

Aline akazima injini. Akafungua sanduku la zana. Humo kulikuwa na vipande vya mninga alivyovichonga mwenyewe: puli, mfuniko, gia, mfano wa kila kifaa kilichoanza kulika. Akamwekea mzee kimoja mkononi.

"Sitakuja kuchukua kitu, mzee. Chuma kikifa, mti huu utakizaa kingine."