Barua ya Mwenyekiti

Muuguzi alimrudishia Eveline daftari lake bila kulifungua.

"Mara ya pili hii nakwambia. Njoo na mwenzio mpimwe wote wawili. Kama huna, lete barua ya mwenyekiti."

Mimba ilikuwa ya miezi saba. Mtoto wa kwanza alimzalia nyumbani, akamzika ana siku mbili. Huyu alimtaka azaliwe zahanati, na asiye na kadi ya kliniki hupokelewa kwa matusi, kama akipokelewa.

Mume alikuwa naye. Ila Elius alipanda lori la mbao pale Makambako mwezi wa nne, akiwa utingo, na tangu hapo simu yake haipatikani. Kila lori lilipopunguza mwendo barabarani, Eveline alisikia akiitwa. Alitoka, akakuta ukungu.

Fomu ya mwenyekiti wa kijiji, mzee Anania, ilikuwa na visanduku viwili: hajaolewa, mjane.

"Hajafa, baba. Hajarudi tu."

"Hajarudi haimo humu, mwanangu. Na nikisema hujaolewa nitakuwa mwongo, kanisani nilikuwepo." Akafungua kidau cha mhuri. "Karatasi tu hii. Haimuui mtu."

Mtoto alipiga teke. Eveline aliogopa, akaogopa zaidi kurudi mikono mitupu.

"Weka mjane."

Mhuri uligongwa, naye akajisikia kama aliyemsukuma mtu mtoni.

Zahanati muuguzi alichangamka. Alimpima, akaandika *Mume: marehemu*, akamkabidhi kadi.

"Unaona? Kumbe kitu kidogo. Haya, pole na msiba."

Alipokaribia nyumbani aliona moshi uani. Kuni zilikuwa zimerundikwa, wanawake wa jumuiya wamekaa kwenye mikeka, mmoja anasonga ugali kwenye sufuria kubwa. Mke wa mwenyekiti, aliyeiona nakala ya barua mezani, ndiye aliyetangulia kufika.

"Kamwene, mwana," walimsalimu kwa sauti ya chini. "Pole sana."

Germana, mama yake Elius, alikuwa sakafuni ndani, sauti imemkauka kwa kulia. Hakumlaumu. Alimshika tu upindo wa kitenge.

"Kumbe serikali inajua," alisema. "Wameandika wamemzika wapi?"

Eveline alikaa chini kando yake, akaifungua kadi, akaanza kumsomea kwa sauti kuanzia juu.