Wiki Tisa Bila Maji

...ajabu kabisa, anasema profesa, wiki tisa bila tone la maji na mtama bado kijani, binti, unajua maana yake? na yeye mbele ya kompyuta anaitikia kwa kichwa, maana yake anaijua tangu asubuhi, mlinzi wa chuo alipompigia kumjulia hali, mwanangu, ningeviacha viumbe vya Mungu vife kwa kiu na miguu ninayo? tangu ugonjwa uwafungie nyumbani mimi ndiye naingia humo kwenye nyumba ya vioo, kila siku ndoo mbili, si uliiona picha niliyokutumia?... picha ambayo juzi, kabla hajajua lolote, aliipeleka mbio kwa profesa, na profesa huyu aliyewahi kumrudishia sura nzima ya tasnifu kwa ajili ya koma moja ameimeza bila kutafuna, ndoo mbili, safu nzima aliyoikatia maji makusudi aone mbegu ipi itastahimili ukame, na amlaumu nani, vyungu aliviandika binti mwenyewe K4, K5, K6, ndivyo wasomi walivyo, mlinzi angeoteshwa na nani kwamba K ni kavu... tutaandika makala, anasema profesa, umalize mwaka huu huu, wenzako wamekwama, na mama kutoka jikoni, bado unazungumza na hiyo televisheni? njoo unichambulie maharage! mama anayeamini utafiti hufanyiwa kitandani, si ndipo anapomwona nao, wiki tisa, kichwa cha sura kimoja, amekibadilisha mara kumi na moja... anyamaze tu, nani atajua, mzee wa watu hasomi majarida, yeye anaingia tu mle peke yake, vioo vinatoka jasho, udongo uliolowa unanukia, majani yanamkwaruza mikono, lo, anamwonea wivu mlinzi na ndoo zake, robo saa tu jamani, na barakoa usoni sawa, kucha zijae matope, ahesabu majani kwa sauti kama kichaa... binti, umekatika? hajakatika, yupo, akisema kweli makala imekufa, ni mbegu mpya, udongo mpya, aanze moja, mwaka mzima tena, chuo kikifunguliwa tu, mwaka mzima mle ndani, kila asubuhi, na moyo uliotakiwa kuzama unarukaruka, mpumbavu huu, mwaka mzima mle ndani, wewe binti, unanisikia? na yeye anatafuta namna ya kutangaza msiba bila kucheka...