Kiti cha Getzel

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, na wala sikuhitaji msaada wa mtu.

Miaka yote tuliyoishi Montreal, mimi na Getzel tulicheza sataranji Sabato alasiri nyumbani kwake, kwa kete za fedha alizozitoa siku hiyo tu. Jua likizama tunaziacha zilivyo, tunakwenda kusali, na mchezo unasubiri hadi Sabato ijayo. Kwetu Wayahudi kuandika ni mwiko siku hiyo, kwa hiyo kila mtu aliubeba mchezo kichwani mwake. Basi Getzel akafa katikati ya wiki, mchezo haujaisha, na zamu ni yake.

Sabato ya kwanza baada ya matanga nilikwenda kumjulia hali mjane wake, Brayne. Aliacha mlango wa nje wazi kidogo, maana kwa sheria yetu mwanamke hajifungii ndani na mwanamume asiye mumewe, hata awe mjane. Baridi ikaingia bila hodi. Nikautazama ubao: ngome ya Getzel imesogea.

"Shemeji, umegusa hapa?"

"Mimi? Hata farasi anavyotembea sijui."

Nikacheka, nywele zimenisimama. Nikahamisha kete yangu. Sabato iliyofuata, farasi wake alikuwa amemla askari wangu.

Sisi tumefundishwa kwamba siku ya Sabato hata moto wa Jehanamu hupumzishwa, na roho zilizomo nazo zikapumua. Nikapiga hesabu: Getzel, aliyekoroma kwenye kila mahubiri, yuko huko bila shaka, na akipata likizo, ataifanyia nini kama si kunisumbua? Nikawa namvutia kiti.

"Umekufa na bado unaniibia askari, mwizi we!"

Kiti kikalia kidogo, kama kilivyokuwa kikilia akijiegemeza.

Kisha ikafika Sabato ambayo hatua yangu moja tu ingemmaliza mfalme wake. Nikakaa bila kuigusa kete. Mishumaa ilikwisha tangu jana, na taa haiwashwi kabla Sabato haijaisha. Giza likaanza kutambaa mezani. Brayne akatoka jikoni.

"Cheza, Anshel, au nenda kasali."

"Siwezi, shemeji. Nikimshinda leo, harudi tena."

Nilitegemea anicheke. Hakucheka.

"Unaamini kweli ni yeye?"

"Sasa nani mwingine?"

Akanyoosha kidole, akamlaza mfalme wa Getzel chali, kama mchezaji anayekubali kushindwa.

"Brayne! Umemfukuza! Hii ndiyo raha pekee aliyobakiwa nayo!"

Akaketi kwenye kile kiti, taratibu, upande mmoja, kama anayemwachia mtu nafasi.

"Wiki nzima alikuwa wa duka lake. Sabato alikuwa wako, mimi nasikia vicheko tu kutoka jikoni. Kama huko wanampa siku moja ya kupumzika, ataipumzika na mkewe. Na ukitoka, shemeji, funga mlango."