Sahani za Mwatumu

Daktari wa mifupa aliniambia goti langu la kulia limekwisha. Angelifanyia upasuaji nikipungua kutoka kilo tisini na nne hadi themanini na sita, si kabla. Nilikuwa mwaka wa tatu nasali kwenye kiti, na nilitaka kusujudu chini kabla sijafa. Muuguzi Kristina, binti mwenyeji wa Maramba, akanipa daftari. Niandike kila ninachokula, nimletee baada ya mwezi. Foleni ilikuwa ndefu, lakini alinishika mkono mpaka getini.

Nilirudi kwangu Kigombe nikaandika. Asubuhi chai kavu na kipande cha muhogo. Mchana mchicha na samaki wa kuchemsha. Usiku uji. Mwezi ulipokwisha nikapanda mizani. Tisini na tano.

Kristina alisoma kurasa zote bila kunilaumu. Akauliza ni nani mwingine anayenipikia. Nikamwambia naishi peke yangu, ila jirani yangu Mwatumu huniletea sahani kila alasiri, tangu siku niliyoanguka jikoni. Akauliza mbona sahani hiyo haimo. Nikamweleza kwamba kwetu chakula cha jirani hakihesabiwi. Unapokea, unashukuru, unakula, na sahani hairudi tupu. Kukiandika ni kama kukisema vibaya.

"Bibi," alisema, "mwili haujui ujirani. Kiandike."

Nikakiandika. Jumatatu, Mwatumu: wali wa nazi, mchuzi wa pweza. Jumanne, Mwatumu: mkate wa kumimina, vipande vitatu. Jumatano, Mwatumu: ndizi za nazi na sukari. Jina lake niliweka makusudi, sikutaka wema wake upite bila mwenyewe.

Alasiri moja alinikuta nasali, daftari liko wazi mezani. Nilipotoa salamu ya mwisho, sahani ilikuwapo, yeye hayupo. Kesho yake haikuja sahani. Wala keshokutwa.

Nikaanza kupungua. Tisini na mbili, kisha themanini na tisa. Kristina alifurahi, akaniambia nishike hivyo hivyo. Sikuwa na njaa sana. Ila kila ikifika alasiri nilikuwa nautazama mlango.

Wiki ya tano bila sahani nikachukua mkongojo nikaenda kwa Mwatumu. Alikuwa ameketi juu ya mbuzi, anakuna nazi. Alinisogezea kiti bila kunitazama.

"Umekuja kunisomea mashitaka yangu, dada Shamsiya?"

Nikasema nimekuja kumsalimu.

"Kila mstari Mwatumu, Mwatumu. Akisoma mtu atasema nataka kukuua."

Nikamweleza habari ya kilo na ya sijda. Goti alilijua, kilo hakuzijua. Niliona haya kumwambia, maana ingekuwa kama kumwambia asilete. Alikuna nazi mpaka kifuu kikabaki kitupu, ndipo akasema:

"Ungeniambia. Mimi nilikuona umenyamaza siku zile, nikadhani ni upweke. Ndiyo maana nikawa nazidisha tui."

Tulicheka kidogo, kisha akaninywesha maji.

Kesho yake alikuja na samaki changu wa kuchoma na matango. Safari hii hakuondoka. Alikaa mkekani, akala nusu ya sahani, akavuta daftari akaandika mwenyewe: changu nusu, nusu nyingine nimekula mimi. Ikawa hivyo kila siku. Siku za wali alinipimia kwa kikombe cha kahawa, na nikilalamika ananiambia nikamshitaki kwa muuguzi.

Mwezi wa nne mizani ikasema themanini na tano na nusu. Daktari akalibonyeza goti, akanipa tarehe, Jumanne ya wiki iliyofuata. Kristina akauliza ni nani atakayenihudumia wodini. Nikamwambia yuko nje. Akafungua mlango kumwita, akamkuta Mwatumu anabishana kwa upole na mlinzi, akitaka kujua kama supu inaruhusiwa kuingia.