Zamu ya Mwisho Kwenye Kontena

Mama alikuwa akiipiga pasi tisheti ileile ya jana. Aliifua jioni, akaianika kwenye mgongo wa kiti karibu na dirisha, na sasa alikuwa akikandamiza pasi kwenye makwapa ambako bado kulikuwa na unyevu. Ilikuwa tisheti nyeupe yenye picha ya roketi kifuani, na chini yake maneno ya bluu: KAMBI YA LIKIZO, MWANADAMU ANGANI. Watoto wengine walipewa za kubadilisha. Binti yake alipewa hiyo moja, kwa kuwa wenzake walilipiwa na wazazi, na yeye alilipiwa na mfadhili.

"Ivae ingali moto," mama alisema. "Itamalizia kukauka mwilini."

Binti akaivaa. Joto la pasi lilimshika mgongoni, akatabasamu.

"Leo ndio kilele, Mama. Wazazi wote wanakuja."

"Najua, mwanangu. Nimemwomba msimamizi ruhusa, kanijibu kwamba mashuka ya wagonjwa hayajifui yenyewe." Mama alikuwa dobi wa hospitali. "Nitakupitia nikitoka. Usiondoke na mtu yeyote, umesikia?"

"Nimesikia."

Nauli ilikuwa imepanda tena, kwa hiyo walitembea. Kwenye njia panda mama alimweka tisheti sawa, akashika njia ya hospitali bila kugeuka nyuma, maana mlango wa wafanyakazi ulifungwa saa ikifika, na aliyechelewa alihesabiwa hakuja.

Kambi ilikuwa kwenye shule ya kulipia, yenye nyasi zilizokatwa vizuri na vyoo vyenye sabuni. Pale jina lake lilikuwa Mfadhiliwa. Siku ya kwanza mratibu wa kambi, bwana mmoja wa haraka haraka mwenye kitambulisho shingoni na simu kila mkono, alimsimamisha mbele akasema, "Na huyu ndiye mfadhiliwa wetu kutoka shule ya serikali, mpigieni makofi." Wakampigia, na jina likaganda. Mwanzoni binti alidhani ni cheo.

Hakuna aliyemwonea. Hilo angelijulia la kufanya. Walimpisha tu. Akikaa kwenye benchi walisogea kumpa nafasi, wakasogea tena, mpaka benchi zima likawa lake.

Aliyemsemesha ni mwalimu wa kambi, kijana aliyechukuliwa kwa kipindi cha likizo tu, aliyeyapenda mambo ya anga hadi akasahau kula. Aliwachorea ubaoni roketi ndefu kama mnara, akaonyesha kwamba karibu yote ni matangi ya mafuta, na watu wanakaa kwenye kichwa kidogo kule juu, kiitwacho kapsuli. Tangi likiisha mafuta linaachwa lianguke. Kinachofika ni kile kichwa kidogo.

"Na wakienda mbali zaidi," alisema, "watakaa miezi na miezi wamefungiwa kwenye chumba kidogo kuliko darasa hili. Wataalamu wa injini wanafanya kazi yao. Kazi ngumu ni mtu. Mtu akikaa peke yake sana, anaharibika."

Ndipo likaletwa zoezi la kontena. Lilikuwa kontena la chuma, zamani stoo ya madawati, limewekwa pembeni mwa uwanja nyuma ya jiko. Walilipaka rangi nyeupe upande mmoja, ule wa kupigia picha, wakalitoboa matundu ya hewa kwa juu, wakaweka godoro, ndoo, chupa ya maji, biskuti na redio ya mkononi ya kuongea na Kituo. Kituo alikuwa mwalimu, ameketi nje kwenye kiti cha plastiki. Mlango ulifungwa kwa komeo la nje. Ukichoka unagonga mara tatu, unafunguliwa, mchezo umekwisha. Atakayekaa muda mrefu kuliko wote angesimama jukwaani na mgeni rasmi, na angepewa nafasi ya likizo ijayo bila malipo.

Wengi walitoka mapema. Mmoja alitoka mbio akiapa kwamba mle ndani kuna mtu anapumua. Walipochunguza wakakuta ni yeye mwenyewe. Walicheka siku nzima, na binti alicheka pia, peke yake mwisho wa benchi.

Zamu yake ilikuwa ya mwisho, asubuhi ya kilele. Komeo likalia nyuma yake, na giza likatulia. Alikaa kwenye godoro, akavua viatu akavipanga.

"Kituo kwa Kapsuli. Unaendeleaje?" redio ikakoroma.

"Vizuri, mwalimu."

"Sema Kituo."

"Vizuri, Kituo."

Alifanya alichofanya siku zote. Aligawa biskuti mafungu, aanze kula njaa ikiuma kweli. Alisikiliza. Sauti za nje humwambia mtu saa: sufuria za jikoni, fagio, kisha viti vikiburutwa kwenye nyasi. Alijisimulia kisa kwa kunong'ona, akakitia watu wengi ili kiwe kirefu.

"Kapsuli, wewe ni noma," mwalimu akasema baadaye. "Umeshawapita wote. Huogopi?"

"Nimezoea, Kituo. Likizo huwa nakaa ndani. Mama akienda kazini ananifungia kwa nje, mtu asije akaingia."

Nje, kiti cha plastiki kililia.

"Kila likizo?"

"Kila likizo. Kituo, naomba kuuliza. Wale wanaokwenda mbali, wakirudi wanawakuta watu wao vilevile?"

"Swali zuri hilo. Nitakujibu..." Nyuma yake ilisikika sauti ya mratibu ikifoka kuhusu viti. "Kapsuli, subiri, naitwa. Narudi sasa hivi."

Hakurudi.

Magari yalianza kuingia. Muziki ukapigwa, ukazimwa, kipaza sauti kikapiga mluzi. Binti alisimama, akavaa viatu, akanyoosha tisheti. Alimsikia mratibu akimkaribisha mgeni rasmi, na mgeni rasmi akisema kwamba taifa linahitaji watoto wa sayansi, watoto wote bila ubaguzi. Aliwasikia wenzake wakihesabu kurudi nyuma kwa sauti moja, kisha fwaa! ya roketi yao ya chupa za plastiki ikitema maji na hewa. Mapezi ya roketi ile aliyakata yeye kwa mkasi, kutoka kwenye boksi la sabuni. Makofi yakalipuka. Alipiga makofi na yeye mle gizani.

Sasa wataniita, alifikiri.

Angeweza kugonga wakati ule. Uwanja ulikuwa umejaa watu. Lakini anayegonga ndiye aliyeshindwa, na mshindi huitwa. Akajikaza kisabuni. Akakaa wima kwenye godoro, mikono magotini, kama mtu anayepigwa picha.

Hotuba ziliisha. Vyombo vya chakula viligongana, watoto wakaitana, milango ya magari ikafungwa mmoja baada ya mwingine. Kisha ukimya ambao hata yeye hakuujua, maana nyumbani walau kuna majirani.

Jua lilihamia juu ya bati. Kuta zilipata moto, akaacha kuziegemea. Maji yakaisha. Aliita Kituo, redio ikachemka kama mafuta kikaangoni, kisha betri ikakata roho. Akagonga mara tatu, kwa adabu. Akangoja. Akagonga tena, kwa kiatu. Hakuja mtu.

Hakupiga kelele. Mama alimfundisha tangu mdogo: ukiwa peke yako usipige kelele, kelele inawaambia watu kwamba ndani kuna mtoto peke yake. Kwa hiyo alilala chini karibu na mlango, pua kwenye upenyo ambao hewa ilipita nyembamba kama uzi, akafumba macho na mdomo. Kichwa kilimgonga. Alijaribu kuwaza kile kichwa kidogo cha roketi kikienda, na matangi yakianguka, lakini wazo halikukaa. Kilichomjia kila mara ni bomba la maji la nyumbani.

Ni hapo aliposikia ndara za mama. Angezijua popote. Kisha sauti ya mlinzi wa getini: "Watoto wote wameshaondoka, mama. Labda amekwenda na rafiki zake."

"Mwanangu haondoki na mtu."

"Wameondoka, nakwambia. Nimefagia mpaka uwanjani."

Ndara zikasita. Zikaanza kwenda zilikotoka.

Binti alifungua mdomo, koo likagoma. Akajaribu tena. Sauti iliyomtoka hakuwahi kuisikia; ilikuwa kubwa, mbaya, imekwaruzika, ikagonga bati zote na kumrudia masikioni.

"Mamaaa! Nimo humu! Nifungulieni!"

Komeo halikuwa hata na kufuli. Mama alilivuta kwa mkono mmoja. Mwanga uliingia, na nyuma yake mama, bado na aproni ya kazini, viganja vimenyauka kwa maji ya sabuni. Alimkokota hadi kwenye kivuli cha jiko, na mlinzi akakimbia kuleta maji, akirudia njia nzima, "Wallahi sikujua, mama, mimi ni wa getini tu."

Mratibu alitoka ofisini, alikokuwa akifunga maboksi ya tisheti zilizobaki. Alipomwona binti, alijipiga paji la uso.

"Ah! Jamani! Mwalimu aliniachia maagizo kwamba yumo, mimi nikamshika na viti, kisha nikamtuma arudishe spika za kukodi. Halafu mgeni rasmi akaja na haraka zake..." Akamgeukia binti. "Lakini na wewe, mbona hukugonga? Sheria si ilikuwa wazi?"

"Niligonga."

"Basi ungepiga kelele! Mtoto mzima unakaa kimya!"

Binti alimtazama mama. Mama alitazama chini. Kisha akainua uso.

"Bwana mratibu, mmemfungia mwanangu kwenye bati la moto mkaenda kula. Nakwenda kuripoti."

Mratibu hakukasirika. Aliisogeza sauti chini, ya kirafiki kabisa.

"Ripoti, ni haki yako. Ila watakuuliza na wewe. Mwalimu ameniambia aliyoyasema mtoto mwenyewe kwenye redio, kwamba likizo zote anafungiwa ndani, kwa nje. Tukianza kuulizana nani kamfungia mtoto, mama yangu, tutaulizana mengi. Kuna watu wa ustawi wa jamii, na hao wakishakuja hawaondoki mikono mitupu."

Mama alifunua mdomo. Angeweza kusema kwamba kwenye chumba cha kufulia watoto hawaruhusiwi. Angeweza kusema kwamba jirani aliyekuwa akimwangalizia alihama kodi ilipopanda, na kwamba korido ya nyumba yao ina wanaume wasio na kazi wanaojaribu vitasa. Aliyameza yote.

"Tusifike huko," mratibu akaendelea, amechangamka sasa. "Kwanza huyu ni mshindi! Amekaa kuliko wote, hata tuhesabu vipi. Nafasi ya likizo ijayo ni yake. Mfadhili atafurahi sana." Akatoa simu moja, akarudi nyuma hatua chache, akakunja jicho. "Ninachohitaji ni picha tu. Binti, rudi ndani kidogo, halafu utoke tena, taratibu, ukitabasamu. Toka kama mwanaanga anayerudi duniani."

Mlango ulikuwa wazi. Joto lilikuwa bado linatoka mle ndani, na harufu ya biskuti. Binti aliishika chupa ya maji kwa mikono miwili.

"Sirudi," alisema.

"Dakika moja tu."

"Sirudi humo."

Mratibu alimgeukia mama, akitabasamu kama mtu mzima anayemwomba mtu mzima mwenzake msaada. "Mama, mwambie."

Mama alikuwa akifungua kamba za aproni. Aliikunja, akaiweka kwapani, akamshika binti mkono.

"Umemsikia," alisema.

"Haya. Basi nafasi tutamtafutia mtoto mwenye shukrani!" mratibu aliwapigia ukelele walipofika getini. Mlinzi aliwafungulia bila kuwatazama.

Njiani binti aliomba wapumzike, wakaketi kwenye ukingo wa barabara. Watu waliotoka makazini waliwapita. Mama alimpepea kwa aproni iliyonuka dawa ya kufulia.

"Roketi yenu iliruka?"

"Iliruka. Niliisikia."

"Ilikwenda juu?"

"Watu walipiga makofi sana."

Mama alitikisa kichwa polepole, akaendelea kupepea. Likizo ilikuwa bado nusu nzima mbele yao.

"Mama, kesho utanifungia tena?"

"Kunywa maji kwanza."

Binti alikunywa, kidogo kidogo, akimwachia mama muda. Maji yalipokwisha mama alimshika mkono, wakainuka wakaenda nyumbani.